Ndaya Yuko Nje ya Mlango

...atagonga tu, Ndaya si mtoto wa kusahau, somo zima analo kichwani kuliko hata mimi niliyeliandaa, je me lève, akasimama, je vais à la porte, akaenda, j'ouvre la porte, akafungua, je sors, akatoka, na mlango akaufunga taratibu, bila kuubamiza, kama nilivyowaonyesha, sasa kilichobaki ni kidogo tu, agonge, toc toc, mimi niulize qui est là, ni nani huyo, yeye ajibu c'est moi na jina lake, niseme entrez, aingie, darasa limpigie makofi, na Maman Agnès kule nyuma aandike pointi zangu na staji yangu iishe, wiki zote hizi za kufundisha huku mtu ananitazama mpaka vidole, ziishe leo, niitwe mwalimu wa Kifaransa, kama dunia hii bado ina haja na mwalimu wa Kifaransa... Vital alipotoka kabla yake aligonga hata mlango haujafungwa vizuri, c'est moi, Vital!, akalipaza jina lake mpaka mbuzi wa mlinzi akajibu huko uani, darasa likacheka, nami nikacheka, ingawa stagiaire, walimu wanafunzi, tumekatazwa kuchekacheka mbele ya watoto, lakini somo lilikuwa linakwenda jamani, tuseme ukweli, lilikuwa tamu, ndiyo maana nikasema wa mwisho awe Ndaya, fundi wao, atoke na Kifaransa chake kisafi, Maman Agnès asikie... na sasa mbona hagongi, watoto wote macho mlangoni, mimi nimesimama na chaki mkononi, kipande chenyewe kama punje ya hindi, maana chaki siku hizi tunazivunja vipande ili zifike mwisho wa mwezi, mshahara hakuna, shule inatembea kwa michango ya wazazi na kwa huruma, hata profesa wa chuo aliyepaswa kuja kunitazama leo hakuja, gari halina mafuta, au halipo tena lenyewe, waliopora mjini hawakuuliza hili la nani, kwa hiyo yuko Maman Agnès peke yake, kwenye dawati la mwisho, magoti yamebanwa, dawati nililokalia mimi nilipokuwa mtoto, kwa sababu ni yeye huyuhuyu aliyenifundisha kusoma, chumba hikihiki, mimi kwanza, halafu mdogo wangu Clovis, alimshika Clovis mkono wake wa kushoto akamwambia andika na huohuo, mwanangu, Mungu alikupa miwili, na leo amevaa liputa, kitenge chake cha safari na viatu vya kufunga kamba, si vile vyake vya shule, kwa kuwa mume wake yuko gare, stesheni ya treni, tangu juma lililopita, amekalia masanduku yao pamoja na watu wengine wote wa Kasai, wameambiwa warudi kwao, eti kwao, Maman Agnès aliyezaliwa hapahapa Lubumbashi, ambaye Kasai anaijua kwa ile ramani anayotundika ukutani, treni moja ilishapita, mumewe akatuma mtu, nafasi iko, ukuye mbio, nami nilikuwa pale, nikasikia jibu lake, umuambie angojee ingine, mi niko na stagiaire yangu, siwezi kumuacha bila pointi, hivyo tu, akaendelea kusahihisha madaftari, nami nikaenda nyuma ya vyoo nikalia, nililia kweli, kwa sababu ya aibu na kwa sababu nampenda.

Bado. Hagongi. Labda anasubiri nimwambie, labda nimesahau kusema tu frappes, unagonga, lakini nilisema, nilisema mara mbili, na hajakimbia, naona miguu yake, mlango wetu mchwa wameula chini, umebaki uwazi wa kupitisha kuku, na katika uwazi ule naiona sapatu yake nyeupe ya plastiki, ile yenye mkanda uliofungwa kwa waya, na ile nyingine, zote mbili zimeelekea kwetu, yuko palepale, pua karibu inagusa ubao, kidole gumba cha mguu kinachimba chini, na kidole kile nakijua, wakati gani kilichimba hivyo... na huko nje mtu anacheka, kicheko cha kuvuta pumzi ndani kama anayekunywa chai ya moto, ah, kicheko hicho, hicho ni cha Clovis. Ni Clovis wetu. Wamekaa juu ya ukuta wa uwanja tangu asubuhi, yeye na wenzake, vijana wa chama, kile kinachotaka watu wa Kasai waondoke, filimbi shingoni, nimewapita nikiingia, akaniita kwa maringo, Mademoiselle! Mademoiselle ya Kifaransa!, na mimi nilichokiona ni kifungo cha shati lake kinaning'inia, nikamwambia ukuye mangaribi nikushonee ile butoni, itapotea, yaani hilo ndilo lililonitoka mdomoni, kifungo, na kazi yao pale juu ni moja, wanajua na kila mtu anajua, anapita mtu wanamuuliza, jina yako nani, hivyo tu, kwa upole hata, jina yako nani, mama, kwa sababu jina siku hizi ndilo linaloamua utalala wapi, ukisema Kunda, ukisema Bwalya, pita, wewe ni wetu, ukisema Biduaya, ukisema Ndaya...

Mungu wangu. Josée, umefanya nini. Qui est là. Mimi mwenyewe nimemtoa nje mtoto wa Kasai, nimefunga mlango, na sasa nimesimama hapa na chaki yangu nikingoja nimuulize kwa sauti ya mwalimu, mbele ya ukuta ule, wewe nani, na yeye ajibu kwa sauti kubwa, kwa sababu ndivyo nilivyowafundisha tangu Jumatatu, plus fort, sauti, nisikie mpaka nyuma, na nilifanya hivyo kwa sababu fiche, karatasi yangu ya somo, inasema hivyo, zoezi la mwisho, mlango, na fiche nimeitoa kwenye kitabu chenye picha ya mtoto wa kizungu na koti la mvua anagonga mlango wa bibi yake, bibi anauliza qui est là, mtoto anajibu, wanakula keki, nilihesabu kila kitu, sauti, mkono, macho yangu niyaweke wapi, sikuhesabu ukuta... na kile kidole, sasa nakumbuka, kilichimba hivyohivyo Jumatatu pale getini, mama yake amejitwika beseni la mandazi, hakulitua hata, akaniambia, Mademoiselle Josée, niko na kitu ya kukuomba, usikatae, nikasema sema tu, mama, akasema, ni jina, unikopeshe jina yako, nikafikiri sikusikia, Chanda, akasema, hapa ku masomo mumuite Chanda kama weye, na kama bantu banamuuliza mu njia aseme iko mudogo yako, ni ya siku kidogo tu, mpaka tupate train, na jasho lilikuwa linamtiririka kutoka chini ya kata mpaka shingoni na hajifuti, nami nikasema achukue, mama, jina haina kuisha, nikajiona mwema, ndiyo, nilijiona mwema sana siku ile, nikainama kwa Ndaya, unakubali?, naye kidole kinachimba, akaniangalia, akauliza, na weye utaitwa nani?, nikacheka, tutaitwa Chanda wote babili, akafikiri, huyu mtoto anafikiri mpaka unaona, akasema, sasa Ndaya ataikala na nani? Basi. Mimi nikacheka tena na mama yake akacheka na tukaingia darasani, na swali lake lile sikulijibu, na kwenye kibao chake tangu siku ile anaandika palepale juu, kwa herufi zake nzuri za kulala, Ndaya, ni jina la nkambo yake, bibi yake, alishaniambia, nkambo aliyekuwa na meno ya dhahabu mawili, na mimi napita na kitambaa na kufuta, kwa upendo nafuta, kila siku.

Na ndiyo maana hagongi. Ana akili kuliko mimi. Anasimama pale anajua kwamba akigonga nitamuuliza, na akiulizwa hana la kusema, akisema Ndaya wale wa ukutani wamesikia, na akisema Chanda, lo, akisema Chanda hawa hapa ndani watampinga, darasa zima, kwa nguvu zao zote, nawajua, hakuna kitu wanachokipenda kama kumsahihisha mwenzao, apana, Mademoiselle, anadanganya, ule ni Ndaya!, vinywa vyote hivi kwa pamoja, mpaka gare watasikia, kwa hiyo kwa vyovyote jina lake litatoka nje, mlango huu una swali moja tu na swali lenyewe lina meno... Vital ameinua makalio, Mademoiselle, mi niende kumuita? Anafungua mdomo, naona ile N inajikusanya, apana, apana, Vital, ikala, kidole mdomoni, nimesema Kiswahili, nimesema Kiswahili katikati ya somo la Kifaransa, hilo peke yake linakata pointi, tuliambiwa chuoni, hata paa likianguka, lianguke kwa Kifaransa, na kule nyuma kalamu ya Maman Agnès imeinuka, naiona, imebaki hewani... haikuandika. Ameilaza. Anatazama mlango, si mimi, anatazama chini ya mlango, ameziona zile sapatu, na uso wake sijawahi kuuona hivyo, uso wa mtu aliye dirishani anamtazama mtu wa kwao huko nje, naye pia ni wa kuulizwa, leo saa sita atatoka kwa geti lilelile na liputa lake la safari, chini ya ukuta uleule, na Clovis atakuwa juu, na sijui Clovis atamuuliza jina mwalimu aliyemshika mkono, Clovis wangu, kweli utamuuliza? Nifungue mwenyewe? Nikienda kufungua watoto watamwita kabla sijafika. Nitoke nje nimwambie Clovis ondokeni hapa? Atasema yaya, dada yangu, tunafanya kazi, alisema hivyo siku ile ya mlango.

Ile siku ya mlango, eh. Walimuuliza mke wa mlinzi wetu wa zamani, jina yako nani, mama wa watu akalisema, alilifikiri jina ni kitu cha kusema tu, na kesho yake nyumba yao haina bati wala madirisha, na wenyewe hawapo, wako gare, na Clovis akarudi nyumbani amebeba mlango begani, mlango mzima, wa buluu, na kitasa chake, akauegemeza kwenye ukuta wa jikoni, mama akapisha, mimi nikapisha, ila tata akatoka, baba yetu, Tata Mumba, mikono bado ina udongo wa Kasungami, siku hizi shamba la mahindi ndilo kiwanda chake, akauzunguka ule mlango, akauliza kwa upole sana, mulango ya nani hii? Clovis akasema, ni yetu sasa. Tata akasema, yetu tuko nayo, na hakugombana, hakupaza sauti, alichukua baiskeli, akaufunga mlango kwa kamba ya mpira, akaisukuma barabarani mchana kweupe, watu wanamwangalia mzee na baiskeli na mlango, akaurudisha, nyumba ile haina kitu ndani, haina hata paa, akausimamisha palepale kwenye fremu yake, akaweka mawe chini usianguke, na aliporudi Clovis akamcheka, tata, unafungia nani?, na tata akasema, mi sifunge, mwana, naachia benyewe pa kupigia odi, wakirudi. Nilikuwa naosha vyombo. Nilisikia nikaendelea kuosha, nikaona ni maneno ya mzee aliyezaliwa Kasenga huko mtoni, watu wa samaki na ukarimu, maneno ya zamani.

Odi. Karibu. Hilo kwenye fiche halipo. Tata siku zote, sisi watoto tukiwa mezani, akisikia mtu nje anasema odi, anajibu karibu palepale, tonge mdomoni, hajaona ni nani, hajauliza, na mama anamkemea, Tata Mumba, utakaribisha mwizi weye, naye, mwizi anasemaka odi tangu lini?, na mtu anaingia, anaketi, ananawa mikono, anakula, na jina lake, kama ni mgeni, tunalijua baadaye kabisa, sahani ikiwa tupu, jina lilikuwa kitu cha mwisho, mtu kwanza aingie, na miezi hii mama amemfundisha tata kusema nani?, sisi sote tumejifunza, mtaa mzima, odi!, nani?, mimi, mimi nani?, mpaka mtu anasimama nje anajieleza kama yuko mahakamani, na tata yeye anasema nani? kwa sauti ndogo, kwa haya, halafu hasubiri jibu, anasema haraka karibu karibu, mama anakunja uso... na mimi, mwalimu mpya, kati ya maneno yote ya Kifaransa nimechagua kuwaletea watoto hawa nani?, kwa picha ya rangi, tena kwa kurudia, wote pamoja, qui est là, qui est là, kana kwamba mitaani hawalisikii vya kutosha, na halafu kwa huruma yangu nikamwambia mtoto, usiogope, ukiulizwa sema wewe ni mimi. Sasa Ndaya atakaa na nani. Atakaa nje, Josée, hilo ndilo jibu ulilompa, Chanda aingie, Ndaya abaki uani na sapatu yake ya waya, na yeye amesimama pale kwa sababu hataki kumwacha huyo mwingine peke yake. Mtoto wa watu. Mwanangu. Sitaki jina langu limwingize, wala sitaki alilipie jina lake, nataka aingie tu, kama watu walivyokuwa wanaingia kwetu, aketi, akute nafasi yake karibu na dirisha, na najua ataondoka, sijidanganyi, treni itakuja, ataondoka na beseni la mama yake, na Maman Agnès ataondoka, na dawati lile la nyuma litabaki na mtu au bila mtu, siwezi kuizuia treni, wala Clovis simwezi, ninachokiweza ni mlango huu mmoja, leo, na hata huu ni wa mchwa.

Pointi ziende. Ubao upo nyuma yangu, nimeliandika swali lile kwa mwandiko wangu bora, na mstari chini yake, nanyoosha mkono, nalifuta, kwa kiganja, kitambaa kiko mbali, na kiganja kinabaki cheupe, watoto wananitazama, Vital mdomo wazi, hawajaona stagiaire akifuta somo kabla halijaisha, na bado hakuna aliyegonga, miguu miwili ipo palepale chini ya mlango, kidole kimeacha kuchimba, amenisikia nikifuta?, huko ukutani wanapuliza filimbi kidogo, mchezo tu, au si mchezo, Maman Agnès anaweka viganja vyake viwili juu ya dawati kama mtu anayetaka kusimama, hasimami, ananitazama, sasa ananitazama mimi, na mimi sina toc toc wala odi ya kujibu, najibu hivyohivyo, nasema, si kwa nguvu, kwa sauti ya tata na tonge mdomoni, karibu.

Na nilisahau. Nilisahau kwamba tangu Jumatatu nimewafundisha, ninachosema mimi, wote mnarudia, wote pamoja, mpaka nyuma, hawajauliza kama ni Kifaransa au si Kifaransa, wanavuta pumzi, vifua vyote vile vidogo, karibu!, dirisha linalia, na wanapenda, wanarudia tena bila kuambiwa, karibu!, Vital amesimama juu ya benchi, sauti inapita uwanjani, inapita ukuta, hakuna jina ndani yake, hakuna hata moja, wasikilize wanavyotaka, Clovis asikie, aliimba humu na yeye, na wanapomaliza wote, kutoka dawati la mwisho, amechelewa kidogo kama mtoto ambaye Kifaransa kinampa shida, namsikia mwalimu wangu anarudia peke yake, karibu, na kitasa kinaanza kushuka, taratibu, kama nilivyowaonyesha.